Sura ya Saba: Kinywa kwa Kinywa

Swali lililoizaa sura hii liliulizwa na mtoto wa kike wa miaka saba hivi, katika darasa la mabati huko Kawangware, hatua chache kutoka barabara ya Naivasha, asubuhi moja ya mwezi wa Novemba ambapo mvua ilikuwa imekesha ikinyesha na uani kulikuwa na matope ya kumvua mtu viatu. Mwalimu wake, mwanamke mpole ambaye sauti yake ilizishinda kelele za matatu bila ya kupazwa, alikuwa ameleta sahani ya plastiki iliyofunikwa kitambaa, na ndani yake kipande cha sega alichokinunua sokoni. Akakipitisha dawati hadi dawati, watoto wakanusa, wakagusa, wakaramba vidole kwa siri ambayo haikumfichika mtu, na alipokwisha kuwaeleza kwamba nyuki huyanyonya maji matamu ya ua, huyachukua ndani ya mwili wake mpaka mzingani, kisha huyatoa tena kwa njia ya kinywa, darasa likanyamaza, na katika kimya kile mtoto yule akainua mkono.

"Mwalimu, kwani asali ni matapishi?"

Wenzake waliangua kicheko, na wawili watatu waliokuwa wamekwisha ramba wakatazamana kwa wasiwasi. Mwalimu hakucheka. Alimwambia, "Umeuliza vizuri, mama. Keti, tutafika hapo." Nami, niliyekuwa nimeketi nyuma kwenye benchi fupi lililoyafikisha magoti yangu karibu na kidevu, nikatambua kwamba vitabu vyote vya watoto nilivyowahi kuvisoma juu ya nyuki vimelikwepa swali hilo: katika ukurasa wa kwanza pana ua, katika wa pili pana nyuki anayetabasamu, na katika wa tatu pana chungu cha asali kilichojaa pomoni, kana kwamba baina ya ua na chungu hapakuwa na kazi yoyote ila safari. Mtoto wa Gredi ya Pili aliliona pengo lile ambalo waandishi wazima waliliruka.

Jibu la mwalimu lilikuwa la mtungi. Aliwauliza ni nani miongoni mwao aliyekwenda kuteka maji jana, na mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko iliyobaki chini. "Sasa," akasema, "ukibeba mtungi, na njiani ukasikia kiu ukanywa funda moja, yale uliyokunywa ni ya nani?" Yangu, wakasema. "Na yale ya mtungini?" Ya nyumbani. "Basi nyuki ana tumbo lake na ana mtungi wake, na vyote viwili viko ndani."

Sijapata kusikia maelezo yaliyo sahihi zaidi, na nimeyasikia ya mabingwa. Nyuki ana fuko mbele ya tumbo lake la chakula, na baina ya fuko hilo na tumbo kuna kilango kidogo chenye midomo minne, ambacho hufunga na kufungua kwa hiari yake. Kilango kikiwa kimefungwa, mbochi, maana hilo ndilo jina la maji ya ua katika lugha yetu, haiingii tumboni wala haisagwi. Na nyuki akichoka au akihisi njaa angali hewani, hukifungua kidogo, akajipatia tone la kumpa nguvu za kufika, kisha akakifunga. Kitapikwacho ni kile kilichokwisha kuliwa. Mbochi ya fukoni haikuliwa, ilipakiwa. Na shehena yenyewe si haba, kwani nyuki mmoja ana uzito wa miligramu 100 hivi, naye huweza kuruka na miligramu 40 za mbochi, yaani karibu nusu ya uzito wake mwenyewe. Mtoto wa kilo 22 aliyejitwika mtungi wa lita 20 angalimzidi nyuki kwa mizani, lakini mtoto yule haruki.

Hapo ndipo pangalitosha kwa vitabu vingi, walakini mwalimu alijua kwamba lililobaki ni kubwa kuliko lililosemwa. Kwani maji ya ua, hata yakifika mzingani salama, hayajawa asali. Ni maji ya sukari tu, mepesi, na aghalabu zaidi ya nusu yake ni maji matupu. Mwenye kuyaonja katika ua la mgomba, kama wafanyavyo watoto wa bondeni kando ya vijito vya Kawangware ambako migomba hupandwa mpaka ukingoni, huhisi utamu unaopita haraka. Yakiachwa siku mbili tatu katika joto huchacha. Na katika darasa lile, kuchacha si neno la kutafutiwa maana kamusini: mvulana mmoja alisimama bila ya kuitwa, akaeleza kwa ufasaha ulioninyima raha kidogo jinsi muratina inavyotengenezwa, kwamba asali hutiwa maji, na lile tunda refu la mti wa mwegea, lililokaushwa, hutiwa ndani, na chungu hukaa mahali pa moto, na kwamba babu yake akishaionja huimba. Mwalimu alimshukuru, akamketisha upesi. Lakini kijana yule, pasipo kukusudia, alikuwa ameeleza adui wa nyuki ni nani: hamira za hewani, vijidudu visivyoonekana, ambavyo katika maji ya sukari hustawi na katika asali iliyokauka barabara haviwezi kustawi. Wazee wa Agikuyu walipotaka pombe iliwabidi kuyarudisha maji ambayo nyuki aliyatoa kwa taabu.

Namna anavyoyatoa ndiyo sehemu niipendayo. Nyuki aliyetoka porini haweki mbochi katika kijumba cha sega kwa mkono wake. Akiingia mlangoni hupokewa na nyuki wa nyumbani, aliye kijana kuliko yeye, maana katika mzinga wadogo hufanya kazi za ndani na wazee ndio waendao nje hatarini, kinyume cha desturi yetu. Na mdogo yule hunyoosha ulimi wake, na mkubwa hufungua taya, na mbochi hupita kinywa kwa kinywa. Huenda ikapita tena kwa wa tatu. Kila kinywa huongeza mate yake, na ndani ya mate hayo mna kimeng'enya kinachoivunja sukari, ile iliyo sawa na ya miwa, ikawa sukari mbili nyepesi ziitwazo glukosi na fruktosi, ambazo huyeyuka kwa wingi katika maji machache. Na mna kimeng'enya kingine ambacho kazi yake ni kuzalisha asidi kidogo, pamoja na ile dawa iitwayo haidrojeni peroksaidi, ambayo waliopata kuumia katika mpira wanaikumbuka kwa povu lake jeupe kidondani. Hivyo asali hujihifadhi yenyewe kabla haijakauka, na ikikauka haihitaji kuhifadhiwa.

Kisha huanza ukaushaji. Nyuki wa nyumbani husimama mahali pasipo msongamano, kichwa juu, akalitoa tone kutoka fukoni na kulitandaza chini ya ulimi wake kama utando mwembamba, akalirudisha, akalitoa tena, na kuendelea hivyo kwa dakika 15 au 20, na kila mara litokapo nje hupunguka maji. Baadaye tone hutundikwa katika kijumba pamoja na mengine, na nyuki wengi, wakiwa wamejipanga kwa safu, miguu imeng'ang'ania sega, hupiga mbawa bila ya kuruka, wakauvuta upepo upite ndani ya mzinga na kuufukuza unyevu mlangoni. Joto la ndani, mahali wanapolelea watoto, hulishikilia kwenye nyuzi 34 au 35, kukiwa na baridi ya Julai au jua la Februari. Maji yakishuka chini ya sehemu 20 katika kila 100, hukifunika kijumba kwa kifuniko cha nta, nayo nta hutoka katika tezi zilizo chini ya matumbo yao, magamba membamba kwa magamba, hutafunwa na kufinyangwa. Kazi yote hii, tangu tone la kwanza hadi kifuniko, huchukua siku kadhaa, na tone moja huenda limepita katika vinywa ambavyo hakuna awezaye kuvihesabu.

Mtu angaliweza kudhani kwamba habari za upepo na unyevu ni nzito kwa watoto wa miaka saba. Si nzito kwa mtoto anayelala chumba kimoja na watu sita chini ya bati. Mwalimu alilowesha vitambaa viwili, akakitundika kimoja pembeni na kingine mbele ya darasa, akaamuru kila mtu achukue daftari lake apepee, na kwa robo saa watoto 40 walipunga madaftari kuelekea kitambaa kimoja mpaka vumbi la chokaa likatufunika sote. Kile kilichopepewa kilikauka kwanza, ingawa si kwa tofauti kubwa kama alivyotumaini, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Lakini msichana mmoja alisema jambo ambalo halikuwa katika maandalizi ya somo: kwamba nguo za mtoto mchanga zikianikwa ndani hazikauki kama mlango umefungwa, na mama yake huufungua mlango hata usiku. "Kwa hivyo nyuki wanafungua mlango," akasema. Naam, wanafungua mlango kwa mbawa zao.

Sina nia ya kuusifu ufukara kwamba ni mwalimu mwema. Nimewasikia wageni, baada ya kuzuru mitaa hii kwa saa mbili, wakisema maneno ya namna hiyo, na sikuyapenda. Mtoto yule angalifundishika vilevile, yamkini zaidi, kama angalikuwa na vyumba vinne na madirisha manane. Nisemalo ni dogo kuliko hilo: kwamba mwalimu wa sayansi hupewa na wanafunzi wake hazina ya maarifa waliyokwisha kuyapata kwa miili yao wenyewe, ya mtungi, ya mlango, ya moshi wa jiko la makaa, na kwamba aghalabu huipita hazina hiyo akienda kutafuta mifano ya bustani za Ulaya katika kitabu chenye picha.

Wakubwa wa shule ile, wa Gredi ya Sita, walipewa hesabu, na naiweka hapa kwa kuwa ilinishangaza hata mimi niliyejidai kuijua. Ikiwa kilo moja ya asali hutaka kilo mbili hivi za mbochi, na kilo mbili ni miligramu milioni mbili, na nyuki hubeba miligramu 40 kwa safari moja, je, ni safari ngapi? Safari 50,000. Na kila safari hupitia maua yapatayo 50, au 100, au zaidi. Nyuki kibarua, katika majira ya kazi nyingi, huishi wiki sita tu, na nusu ya kwanza ya uhai huo huitumia ndani. Akifa, mchango wake wote wa asali hauzidi sehemu ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Kijiko ambacho sisi hukizungusha ndani ya kikombe huku tukizungumza mambo mengine kimezimaliza roho kumi na mbili.

Kutokana na hesabu hiyo walimu wengi hurukia mahubiri: tazameni bidii ya nyuki, enyi wavivu. Namwomba radhi kila mwalimu aliyeyasema hayo, lakini nyuki hakuyathibitisha. Martin Lindauer, Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi wa Karl von Frisch, mtafiti wa nyuki, aliketi mbele ya mzinga wa kioo katika miaka ya mwanzo ya 1950 akamfuatilia nyuki mmoja aliyetiwa alama, kwa zaidi ya saa 170, akiandika kila alichokifanya. Na alipojumlisha daftari lake aliona kwamba zaidi ya theluthi moja ya muda huo nyuki yule hakufanya lolote, na sehemu nyingine kubwa aliitumia akizurura ndani ya mzinga, akichungulia vijumba. Kuzurura huko si upuuzi, maana ndiko kunakomjulisha mahali kazi ilipo. Na wale waliopumzika ndio akiba ya nyumba siku ya dharura. Lakini mtoto anayekaripiwa kwa kukaa kitako barazani angelifurahi kujua habari hizi, na sioni sababu ya kumficha.

Miezi mitatu baadaye, katika kiangazi cha Februari, nilialikwa kwenda kusikiliza somo lilo hilo Kibera, upande wa Makina. Ni vyema msomaji akumbuke kwamba jina la mtaa huu ni la msitu. Askari wa asili ya Sudani walioitumikia King's African Rifles, ambao wajukuu wao leo huitwa Wanubi, walipokaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, katika ardhi iliyotangazwa rasmi mwaka 1918 kuwa ya jeshi, walipaita mahali hapa Kibra, na maana yake katika lugha yao ni msitu au pori. Na pori hilo halijatoweka lote, kwa kuwa msitu wa Ngong ungali umesimama upande wa magharibi, mbele kidogo ya nyumba za mwisho. Basi mtu asemaye kwamba nyuki ni mgeni Kibera amegeuza mambo: nyuki alikuwako kabla ya bati la kwanza.

Katika darasa hilo palikuwa na mvulana mwembamba, aliyetoka chuoni asubuhi kabla ya kuja shule, naye alipoulizwa kama kuna anayejua jambo lolote juu ya nyuki, alisema kwamba Kurani ina sura yenye jina lao. Ni kweli, ni sura ya 16, An-Nahl, na ndani yake nyuki hupewa ilhamu ya kujifanyia makazi milimani, mitini na katika vile wavijengavyo watu, kisha hutajwa kinywaji cha rangi mbalimbali kitokacho matumboni mwao, chenye ponyo kwa wanadamu. Mvulana aliongeza, kwa fahari ya mwenye kujua nahau, kwamba amri zile nyuki aliambiwa kwa sigha ya kike. Wajuzi wa Kiarabu watasema kwamba hiyo ni kanuni ya jinsia ya majina katika lugha hiyo, nami siwapingi. Ila ni jambo la kupendeza kwamba, wakati huohuo na kwa karne nyingi kabla na baada yake, wasomi waliomfuata Aristotle walimwita mkuu wa mzinga mfalme. Haikuwa mpaka mwaka 1586 Mhispania Luis Méndez de Torres alipoandika kwamba mkuu huyo ni wa kike na ndiye atagaye mayai. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler akakiita kitabu chake *The Feminine Monarchie*, yaani ufalme wa kike. Na katika karne iyo hiyo Jan Swammerdam wa Uholanzi akampasua mfalme chini ya hadubini, akazikuta ovari zake. Watoto hawakuonyesha mshangao wowote. Walitaka kujua baba yuko wapi, na walipoambiwa kwamba madume hawakusanyi mbochi, hawana mwiba, hulishwa na dada zao, na chakula kikiadimika hufukuzwa mlangoni, wasichana wa benchi la mbele walishangilia.

Nairuka habari ya malkia, na mayai yake ambayo huweza kufika 1,500 kwa siku, ili niufikie mchezo. Mwalimu wa Kibera, kijana mrefu aliyependa vichekesho, alikuwa ameficha ua la sukuma wiki iliyoachwa ikazeeka katika moja ya bustani za magunia zilizopangwa nyuma ya shule, akamwonyesha mtoto mmoja peke yake mahali lilipo, akamrudisha darasani na kumwamuru awaelekeze wenzake bila ya kusema neno na bila ya kuinua kidole. Mtoto alijaribu kwa macho, kwa pua, kwa kuruka; hakuna aliyemfahamu. Ndipo mwalimu akawaeleza ngoma ya nyuki, ambayo von Frisch aliifumbua na kwa ajili yake akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1973: kwamba nyuki arudiye na habari njema hucheza juu ya sega gizani, akienda mbele kwa mstari huku akitikisa kiuno, kisha akizunguka na kurudi alikoanzia, kwamba mstari ukielekea juu moja kwa moja, maana yake ni nendeni upande wa jua, na ukiinama kulia au kushoto, ndivyo nao wainame kutoka kwenye jua, na kwamba urefu wa mtikiso ndio umbali, takriban sekunde moja kwa kila kilomita. Ukutani akachora jua juu kabisa. Mtoto akacheza mara ya pili, kiuno kikienda huku na huku, akiinamia kushoto, darasa zima likamfuata kwa vigelegele hadi nje, na ua likapatikana katika gunia la tatu.

Nyuki hutafuta chakula kilomita mbili tatu kutoka mzingani bila ya shida, na akikosa huenda mbali zaidi. Kwa hiyo nyuki aliyepanga katika mti wenye uvungu ndani ya msitu wa Ngong hulifikia ua la boga lililotambaa juu ya bati la Kianda au Gatwekera, vijiji vya Kibera, kabla mtoto hajamaliza kunawa uso. Naye akilifikia hufanya kazi nyingine asiyoijua, ya kuichukua chavua ya ua dume na kuipaka kwenye ua jike. Na boga lisilotembelewa na nyuki hunyauka likiwa na ukubwa wa kidole. Katika magunia yale ya udongo ambamo mama wa Kibera hupanda mboga, nyuki hatambulikani kwa sababu sukuma wiki huchumwa majani kabla ya kutoa maua, lakini pale penye maboga ameshiriki katika chakula cha jioni.

Mtoto mmoja aliuliza kwa nini basi shule isiwe na mzinga wake. Swali hilo nimeulizwa pia na wafadhili, na jibu langu ni moja kwao wote. Nyuki wa sehemu hizi za Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita *Apis mellifera scutellata*, si mnyama wa kuwekwa ukutani pa darasa. Ni wa jamii ileile ambayo mtaalamu Warwick Kerr aliichukua kutoka Afrika mwaka 1956 kuipeleka Brazil, na makundi yake yalipoponyoka mwaka uliofuata yakaenea sehemu kubwa ya bara na kuitia hofu Marekani nzima. Nyuki mmoja akichoma, mwiba wake wenye vijimeno hunasa katika ngozi, yeye akafa, na harufu inayotoka katika mwiba huwaita wenziwe mahali palepale. Harufu hiyo, ajabu ya Mungu, ni kama ya ndizi mbivu. Mwalimu aliposema hivyo, mvulana aliyekuwa akila ndizi chini ya dawati alisitisha kutafuna. Tena sweta za sare yao zilikuwa nyekundu, na rangi nyekundu nyuki haioni, humwonekea kama nyeusi, na kitu cheusi kinachotikisika karibu na mzinga hukishuku kuwa mnyama mwizi. Watoto mamia katika uchochoro usiotosha kukimbilia, wamevaa weusi wa nyuki na wananuka ndizi: sioni mwanasheria awezaye kuitetea shule hiyo.

Badala yake wapelekwe Lenana, katika barabara ya Ngong, ambako pana chuo cha taifa cha ufugaji nyuki, na ambako si mwendo mrefu kutoka Kibera wala Kawangware. Huko watauona mzinga ambao jina la nchi yao limeenda nao duniani, mzinga wa Kenya wa paa la fito, uliobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ushirikiano wa wataalamu wa hapa na wa chuo kikuu cha Guelph cha Kanada. Ni sanduku lenye mbavu za kuinama, na juu yake zimepangwa fito ambazo chini ya kila moja nyuki hutundika sega lake, hata mrina asali huweza kuinua moja na kuyaacha mengine, jambo lisilowezekana katika mzinga wa gogo wa Wakamba ambao humbidi mwenyewe kupanda juu ya mti usiku na moshi. Na juu ya hatari ya nyuki lugha yetu, nadhani, ilikwisha kuonya: iliuita mzinga jina lilelile ililoipa ile silaha ya Wareno ngomeni Mombasa.

Somo la Kibera lilikwisha kwa kijiko cha asali kwa kila mtoto, ila mwalimu aliwakataza wasiwapelekee wadogo zao wasiotimiza mwaka, maana matumbo ya wachanga hayawezi kuzizuia mbegu za sumu ambazo mara chache huwamo. Na msichana mmoja aliyekuwa amekwisha kuibana asali yake shavuni, tayari kuondoka nayo nyumbani kama nyuki mwenyewe, ilimbidi aimeze.

Tulitoka saa sita, jua likiwa utosini. Penye kioski cha maji, chini ya kilima, foleni ya mitungi ya njano ilikuwa imepinda mara mbili, na penye bomba linalovuja, katika kidimbwi kisichozidi kiganja, palikuwa na nyuki saba au wanane wakinywa. Watoto waliwatambua mara moja, wakachutama kwa umbali waliofundishwa, na mmoja akawaeleza wanawake waliokuwa wakingoja kwamba hao hawana kiu, wametumwa. Kwamba wakati wa joto maji hupelekwa mzingani, hutandazwa juu ya masega na kupepewa, nyumba ikapoa. Nyuki wa kwanza alijaza, akainuka kwa uzito, akazunguka mara moja juu ya mitungi na kushika njia ya msitu. Mwenye kioski, ambaye mkononi alikuwa na sarafu za watu na mdomoni alikuwa na kijiti cha meno, alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Huyo," akasema, "ndiye mteja pekee asiyenilipa."